Ukusanyaji wa taka Yokohama: tathmini kwa mkazi mgeni

Ukihamia Yokohama, Japani, una siku 14 za kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya kata. Ukiwa papo hapo dirishani, omba na kipeperushi cha taka cha lugha za kigeni, maana huduma hii utaanza kuitumia wiki hiyohiyo. Ni huduma bora kweli. Taka za kawaida hazilipiwi, wala hulazimiki kununua mifuko maalumu kama wanavyofanya wakazi wa jiji la Kobe. Mfuko wowote unaoonyesha kilichomo unakubalika. Unachodaiwa ni kutenganisha vizuri, na kuweka mfuko kwenye kituo cha taka cha mtaa asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa mbili.

Wageni wengi hukwama kwenye ratiba, na hapo lawama naitupia jiji. Siku ya moyasu gomi, yaani taka za kuchoma, huja mara mbili kwa wiki, na mtu hudhani ni siku ya mfuko mmoja. Kumbe siku hiyohiyo hutoka pia moenai gomi (taka zisizoungua), betri kavu na makopo ya kupuliza, kila aina kivyake. Glasi iliyovunjika na vyombo vya kauri vifunge kwenye gazeti, uandike juu yake ガラス (garasu, yaani glasi) ili mzoa taka asijikate. Makopo ya kupuliza, pamoja na mitungi midogo ya gesi ya jiko la mezani, yatumie mpaka yaishe kabisa, usiyatoboe, kisha uyafunge peke yake. Gari la taka hukandamiza mzigo wake. Gesi iliyobaki ikivuja humo katikati ya makaratasi, cheche moja inatosha kuliteketeza gari zima. Katika kanuni zote, hii usiifanyie uvivu hata siku moja.

Makopo, chupa za glasi na petto botoru (chupa za plastiki za vinywaji) hutoka pamoja mara moja kwa wiki. Chupa ya plastiki ina kazi ndogo: fungua kifuniko, chana ile lebo ya pembeni, suuza, ikanyage ibonyee. Kifuniko na lebo huenda siku ya plastiki. Sufuria na vyuma vingine ambavyo upande wao mrefu haufiki sentimita 30 hutoka siku ya makopo, ila viweke kando, si ndani ya mfuko wa makopo.

Plastiki ndiyo inayowachanganya hata wakazi wa siku nyingi, kwa sababu kanuni imebadilika. Zamani zilichukuliwa vifungashio tu, vile vyenye alama ya プラ (pura, yaani plastiki). Kuanzia Oktoba 2024 katika kata 9, na Aprili 2025 katika kata zote 18, vitu vilivyotengenezwa kwa plastiki pekee visivyofika sentimita 50 navyo vimeingia humo: hanga, miswaki, vyombo vya kuhifadhia chakula. Kwa hiyo kipeperushi cha zamani ulichoachiwa na mpangaji aliyetoka kitakupoteza. Kitu chenye chuma au betri ndani hakihusiki. Na kama chombo cha bento (chakula cha kufungashiwa) kimeganda mafuta yasiyotoka kwa kusuuza, kitupe kwenye moyasu gomi bila wasiwasi.

Vitu vikubwa, sodai gomi, ni vya chuma kuanzia sentimita 30 na vinginevyo kuanzia 50. Weka miadi kwanza upewe namba na bei, ndipo uende konbini (duka dogo la mtaani) kulipia kwa kununua stika; ukitangulia kununua stika utabahatisha bei. Andika namba kwenye stika, ibandike panapoonekana. Friji, televisheni, kiyoyozi na mashine ya kufulia jiji halichukui. Vina sheria yake ya urejelezaji tangu 2001, na ada yake unalipa wewe.

Ukikosea, mfuko unaachwa palepale ukiwa na stika inayoeleza kosa. Faini ya yen 2,000 ipo kwa anayekaidi, lakini hiyo stika ndiyo mwalimu wako, isome. Kuna kosa moja tu ambalo haitakueleza: kunguru. Uingize mfuko wote chini ya wavu unaofunika taka kituoni, na ukingo wa wavu uukunje chini ya mfuko. Kona ikichungulia nje, itadonolewa na mabaki yatasambaa barabarani, na watakaoyafagia ni majirani.

Kwa kitu usichokijua, tumia kamusi ya taka ya jiji mtandaoni, MIctionary: unaandika jina la kitu, inakuambia siku yake. Mafuta ya kukaangia tempura usiyamwage kwenye sinki. Yaache yapoe, yafyonze kwa gazeti au uyagandishe kwa unga wake maalumu, kisha yaende na moyasu gomi.