TAHADHARI: moduli za nRF24 "orijino" zinazotangazwa Tanga

Wadau wa Arduino (bodi ndogo za kutengenezea vifaa vya elektroniki) hapa Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani, kuna jamaa anatangaza moduli za redio za nRF24L01+ zenye antena, "orijino, mita 1000". Unalipa kwa simu, anakutumia kwa basi. Mimi kanipiga. Nilichukua nne, elfu 15 kila moja, za kupimia maji kwenye tangi la shambani Pongwe, kama mita 200 kutoka kibanda cha pampu.

Mezani zilisomana vizuri. Nikatoka na moja uani, hatua ishirini hivi, kimya. Wiki nzima nilijilaumu mwenyewe, na ujanja wake ndipo ulipo, maana moduli hizi zinajulikana kwa kudeka. Zenye antena ya nje hula zaidi ya miliampia 100 zikirusha, na pini ya 3.3V ya bodi ya Arduino Uno hutoa 50 tu. Basi nikaweka pembeni regyuleta ya AMS1117 ya kuzipa umeme wao wa 3.3V, nikachomelea kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya VCC na GND (chanya na hasi). Wapi!

Ndipo nikaihoji chipu yenyewe. Kwenye laibrari ya RF24 (kodi za kuendeshea moduli hizi) nikaita isPVariant(), inayouliza kama chipu ni toleo la "+", ikajibu false, yaani siyo. Nikajaribu kuiweka kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, setDataRate(RF24_250KBPS), false tena. Kasi hiyo ndogo, ndiyo inayofika mbali, ipo kwenye toleo lenye alama ya kujumlisha. La zamani halina. Nikaazima asetoni ya dada ya kufutia rangi ya kucha, nikasugua mgongo wa chipu kwa pamba. Maandishi yote yakaondoka na pamba! Ya kiwandani kwa kawaida huchongwa kwa leza, hayafutiki kirahisi hivyo.

Kumpigia, ananiambia nimeziunguza kwa volti 5. Nikamtumia picha ya mita inasoma 3.28. Akanibloki.

Tangazo bado lipo, na sasa kaongeza LoRa (moduli nyingine za redio za masafa marefu) zenye chipu ya SX1278. Ukishazinunua kwake, soma rejista 0x42 (inayotunza namba ya toleo la chipu), lazima irudishe 0x12. Ukipata 0x00 au 0xFF kagua waya zako kwanza, halafu ndio umkague yeye. Bora zaidi mwambie mkutane stendi uzijaribu kabla ya kutoa hela. Mimi nilipomwomba hivyo mara ya pili alikuwa "safarini".

Aliyelizwa naye aniandikie inboksi akiwa na meseji ya muamala, twende polisi pamoja. Mmoja mmoja tutaambiwa tumeunguza.