Dell OptiPlex 7060 ya mtumba kwa magemu: chukua tawa, ndogo iache

Muuza kompyuta za mtumba, awe Kariakoo au Moi Avenue ya Nairobi, akisikia unatafuta mashine ya magemu atakuonyesha stika ya "i7" kabla hujamaliza kueleza. Stika peke yake haikuambii kitu. i7-2600 ni ya mwaka 2011, na i5-8500 ya mwaka 2018 inaiacha mbali. Soma tarakimu zilizo baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 4770 cha nne, 8500 cha nane. Mwenye bajeti ya mtumba anayetaka kucheza mpira, GTA na magemu ya mashindano mtandaoni, atafute Dell OptiPlex 7060. Ila si kila 7060 inafaa.

Kizazi cha nane kina faida mbili. i5-8500 ina kori (viini vya kufanyia kazi) sita, wakati i5-7500 iliyomo kwenye OptiPlex 7050 ina nne, na tofauti hiyo huonekana uwanja unapojaa watu au gari linapokimbia katikati ya mji. Ya pili ni Windows. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiondoa chache mno za nyuma yake. 7050 na 7060 zinafanana sana kwa sura, na dukani huwekwa rafu moja. Usiangalie kasha. Washa mashine, bonyeza F2 uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), usome jina la prosesa hapo. i7-8700 ikipatikana kwa nyongeza ndogo ichukue, lakini kwa kadi za picha tutakazozitaja hapa hutaona tofauti ya kuumiza mfuko.

Sasa umbo. 7060 ilitoka kwa maumbo kadhaa, na dukani utakutana zaidi na matatu: tawa (kesi kubwa ya kusimama), ile nyembamba wanayoiita SFF, na Micro inayokaa kiganjani. Micro haina nafasi ya kadi ya picha, kwa hiyo mjadala wake umeisha. SFF inapokea kadi fupi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu na mara nyingi bei yake imepanda kwa sababu hiyo hiyo ya uadimu. Tawa inapokea kadi ya kimo cha kawaida, ina hewa zaidi, na pawa saplai yake (kifaa kinachoigawia mashine umeme) ni ya wati 260 badala ya 200 za SFF. Hata kama SFF imeshushwa bei, kadi yake itairudisha juu.

Pawa saplai ndiyo inayoamua kadi gani uweke, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Sloti ya kadi kwenye madabodi (bodi kuu ya mashine) hutoa hadi wati 75. Pawa saplai ya kiwandani ya wati 260 haina ule waya wa ziada wa pini sita au nane ambao kadi kubwa hudai. Prosesa imepimwa wati 65, kadi 75, kisha ongeza diski, feni na vifaa vya USB: bado uko salama. Kadi ya wati 120 inataka waya ambao haupo. Fundi atakuambia kuna adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya SATA ya diski. Ikatae. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na ikizidishiwa huanza kulainika, kisha huungua.

Je, pawa saplai yenyewe ibadilishwe? Inawezekana, lakini madabodi hii haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, hivyo utahitaji adapta, na pawa saplai yenyewe inaweza isikae kwenye kesi bila kulazimishwa. Ukifika huko, heri ungenunua kesi na madabodi za kawaida tangu mwanzo.

Kwa hiyo kadi inayofaa ni ile isiyohitaji waya. GTX 1650 ya GB 4 ndiyo chaguo la kwanza kwa mtumba. Hakikisha juu yake hakuna tundu la pini sita, kwa sababu matoleo mengi yaliyoongezwa kasi kiwandani yanalo. Chagua yenye feni moja na urefu wa sentimita 17 hivi, maana kadi ndefu inaweza kugonga kishikio cha diski. Ukiwa na pesa zaidi, RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024 hutumia wati 70 na matoleo yake mengi hayahitaji waya. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo inahitaji. Muuzaji asiyejua atakuambia ni kitu kimoja.

GTX 1050 Ti bado inacheza, lakini Oktoba 2025 NVIDIA ilisitisha draiva za magemu mapya kwa familia hiyo na kubakisha za usalama tu. Inafaa kwa bei ya kutupa. RX 6400 inavutia kwa wati zake 53, ila hutumia njia nne tu za PCIe (sloti ya kadi), na kwenye madabodi ya PCIe 3.0 kama hii hupoteza sehemu ya nguvu yake. Isitoshe haina kisimbaji cha video, kwa hiyo anayerekodi au kurusha mchezo moja kwa moja aiepuke. GT 710 na GT 730 ni za kuonyeshea picha ofisini.

Kadi bandia ni nyingi. Kadi ya zamani sana huandikwa upya programu yake ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, na Windows yenyewe huamini. Nenda dukani na flashi yenye GPU-Z, programu ya kutambua kadi: ikigundua udanganyifu huweka neno FAKE mbele ya jina. Angalia pia matundu ya nyuma. 1050 Ti yenye tundu la VGA (la monita za zamani) ni ya kutilia shaka.

RAM iwe GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, si kipande kimoja. Prosesa husoma vipande viwili kwa pamoja, na kipande kimoja huleta kukwamakwama hata kama kadi ni nzuri. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bofya Memory. Itakuonyesha sloti ngapi kati ya nne zimejaa. Aina ni DDR4 ya kompyuta ya mezani, kasi 2666. Diski iwe SSD ya NVMe ya GB 512 au zaidi, kwa sababu EA Sports FC peke yake hudai nafasi ya takriban GB 100. Hard disk iliyokuja na mashine iachie kazi ya kuhifadhi muvi.

Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wakwame: FC 26 na Valorant kwenye Windows 11 hutaka Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama). 7060 ina vyote viwili, lakini mafundi wengi huweka Windows kwa mtindo wa zamani, Legacy pamoja na MBR, kwa hiyo Secure Boot haiwashiki. Andika tpm.msc kwenye Run uone kama TPM iko tayari, kisha msinfo32 usome mstari wa BIOS Mode. Ukikuta Legacy, njia safi ni kuweka Windows 11 upya baada ya kubadilisha BIOS kuwa UEFI, yaani mtindo mpya. Kuna programu ya mbr2gpt ndani ya Windows inayogeuza diski bila kufuta, lakini hifadhi mafaili yako kwanza, na ubadilishe BIOS baada ya kugeuza.

Kabla ya kulipa, hakikisha BIOS haina neno la siri. Mashine za makampuni mara nyingi hufungwa, na kuifungua si kazi ya dakika tano. Chukua Service Tag (namba ya utambulisho ya mashine) iliyo kwenye kesi, iingize kwenye tovuti ya Dell, ulinganishe na kilichomo. Ukikuta saa imerudi miaka nyuma, betri ya CR2032 imekufa. Ni bei ya soda mbili. Mashine ifanyiwe kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto kwenye programu ya HWiNFO. Prosesa ikigusa nyuzi 90 upesi, gundi ya joto imekauka au vumbi limeziba feni. Kwa mashine iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja, chungulia kutu kwenye skrubu na matundu ya nyuma. Kutu ya nje ni onyo la madabodi.

Kufunga kadi ni rahisi: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu, toa kibati cha nyuma, sukuma kadi hadi isikike ikibofya. Kisha chomeka monita kwenye kadi, si kwenye madabodi. Kosa hili ndilo huwafanya watu warudishe kadi nzima dukani wakidai haifanyi kazi. Kwenye madabodi, 7060 ina DisplayPort na kwa kawaida haina HDMI, hivyo utahitaji adapta kwa TV wakati wa kujaribu bila kadi.

Ukiwa na GTX 1650 na monita ya 1080p, eFootball na GTA V zinakwenda fremu 60 kwa sekunde bila jasho. FC weka mipangilio ya kati. Valorant itakwenda juu ya hapo. Kinachoishia njiani ni GB 4 za kadi: picha za uso na nyasi ukiziweka juu kabisa, mchezo utaanza kusita hata kama prosesa imepumzika.

Umeme ukikatika mara kwa mara, tafuta UPS (betri ya dharura) ya VA 650 angalau, ikutoshe kuhifadhi mchezo na kuzima. Na kama lengo lako ni Cyberpunk 2077, GTX 1650 haitatosha: kiwango cha chini cha mchezo huo ni GTX 1060 ya GB 6, na GTX 1060 inataka waya wa umeme ambao tawa hii haina, kwa hiyo inabaki RTX 3050 ya GB 6 isiyohitaji waya.