Kliniki ya ubongo na mishipa ya fahamu, Dodoma: mahali ambapo familia inaeleweshwa

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikimpeleka mama yangu mzazi katika kliniki ya ubongo na mishipa ya fahamu ya hospitali moja kubwa hapa Dodoma, na napenda wenye wazazi wanaosahau au wanaotetemeka wajue watakachokikuta pale. Ubora wa huduma hii hauko kwenye mashine wala kwenye dawa. Uko katika juhudi za kuielewesha familia kinachotokea ndani ya ubongo wa mgonjwa.

Siku ya kwanza daktari alimwamkia mama na kumuuliza yeye mwenyewe habari zake kabla ya kutugeukia sisi wanawe. Kisha akapanga njiti nne za kiberiti mezani akamwomba apange zake vilevile, akamuuliza leo ni siku gani, daraja ni kitu gani, na wanyama gani anawakumbuka. Kipimo cha aina hii kiliandaliwa na watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa kuwafikiria wazee ambao hawakupata nafasi ya kusoma, na nilishukuru kwamba mama hakuambiwa achore saa wala aandike sentensi, mambo ambayo yangemwaibisha bure. Njiti ya tatu aliishika muda mrefu, akaiweka, akaiondoa, kisha akatutazama.

Daktari hakukimbilia kuutaja ugonjwa. Aliagiza damu ipimwe vitamini B12, homoni za tezi ya shingo, kaswende na VVU, kwa sababu kila kimojawapo kikienda kombo kinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vyote vina matibabu. Alipekua pia mfuko wetu wa dawa na kumwachisha mama vidonge vya mzio alivyokuwa akivimeza ili apate usingizi, kwa kuwa dawa za namna hiyo huwazidishia wazee kuchanganyikiwa.

Majibu yalipotoka, tulielezwa kwamba dalili zinaelekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeuelezea mwaka 1906. Protini iitwayo amiloidi hujikusanya nje ya seli za neva, nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake, na taratibu seli hizo hushindwa kuwasiliana, hunyauka na kufa. Miongoni mwa sehemu zinazoathirika mapema ni hipokampasi, ambayo ndiyo inayotuwezesha kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama husimulia bila kukosea jinsi walivyohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini nusu saa baada ya kula ugali na mlenda hulalamika kwamba tumemnyima chakula. Kabla ya maelezo hayo baadhi ya ndugu zangu walidhani anafanya makusudi, na wengine walikwishaanza kuwanyooshea vidole majirani.

Lipo pia darasa la walezi linaloendeshwa na muuguzi, na kwa maoni yangu ndilo jambo bora kuliko yote pale. Humo nilimsikia akiieleza familia ya mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson kwamba seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, huwa zimepungua sana kabla mkono haujaanza kutetemeka, na kwamba levodopa, dawa ya ugonjwa huo, imezwe yapata nusu saa kabla ya chakula, kwani protini ya nyama, maharage au maziwa huizuia isifyonzwe vizuri. Mzee wao alikuwa akiimeza kwa maziwa ya mgando kila asubuhi.

Kasoro zipo, na zinaumiza. Foleni ni ndefu mno kwa mtu asiyejua yuko wapi, na dawa ya donepezili aliyoandikiwa mama haikuwepo dirishani, tukainunua mtaani kwa fedha zetu. Hata hivyo daktari alikuwa ametueleza wazi kwamba dawa hiyo husaidia dalili kwa kipindi fulani tu, wala haizuii seli kufa. Maelezo yote hutolewa kwa mdomo, ilhali karatasi moja ya Kiswahili ingewafaa sana ndugu waliobaki kijijini.

Anayetoka Mpwapwa au Kondoa ni vizuri afike siku moja kabla, amlaze mgonjwa kwa ndugu, abebe dawa zake zote pamoja na kadi ya bima, na aje na mtu anayeishi na mgonjwa kila siku, kwa sababu huyo ndiye atakayeulizwa maswali mengi.