Karakana ya Televisheni za Kale, Ngamiani

Nilimpelekea fundi mmoja wa Ngamiani, Tanga, televisheni ya Uingereza yenye sanduku la mbao, niliyoikuta darini kwa marehemu babu, baharia aliyerudi nayo nyumbani miaka mingi kabla Tanzania Bara haijapata kituo chake cha kwanza mwaka 1994. Hakuichomeka kwenye umeme papo hapo, kosa ambalo wakusanyaji wenye pupa hulifanya wakaunguza transfoma. Alianza kwa kupima kapasita za karatasi, vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, zilizokuwa zimevuja nta, akazibadilisha moja moja, kisha akapandisha volti polepole hadi vali, zile taa za kioo zinazokuza mawimbi, zikawaka rangi ya chungwa na harufu ya vumbi la moto ikajaa chumbani. Kazi yake ya kulehemu ni safi mno. Kwa kuwa seti hiyo husoma picha ya mistari 405, mfumo wa zamani ambao Uingereza iliuzima mwaka 1985, alinieleza mapema kwamba pasipo kigeuzi cha mawimbi, kifaa cha kubadili matangazo ya leo yafuate mfumo huo, haitaonyesha kitu. Kigeuzi chenyewe nilikisubiri miezi minne, na hapo ndipo aliponichosha, maana simu hapokei. Sanduku nalo amelipaka vanishi inayong'aa kupita kiasi. Picha, hata hivyo, imetulia.