Vitabu vya picha vya marafiki wanyama kutoka katuni za TV, uzoefu wangu

Wazazi wenzangu wenye watoto wadogo, hivi vitabu vya picha vinavyotolewa kwenye katuni za TV, vile vya wanyama marafiki, nimeshanunua vya kutosha na nimegundua vinatofautiana mno, na tofauti haiko kwenye umaarufu wa katuni yenyewe, iko kwenye picha za ndani.

Kuna vile ambavyo wamegandisha picha za kipindi, wakapachika maneno chini, basi. Tunacho kimoja cha sungura na kasa wanatafuta mpira uliopotea, ukurasa baada ya ukurasa sungura mdomo wazi, kasa mdomo wazi, mpira wenyewe huuoni mpaka mwisho. Kwenye TV ilichekesha kwa sababu ya muziki na zile sauti, kwenye karatasi imebaki akasema, akajibu, akasema tena, mpaka anayesoma anachoka. Binti yangu ana miaka minne, alikiacha katikati akaenda zake kucheza.

Halafu kuna vile ambavyo mchoraji amekaa akachora upya kwa ajili ya kitabu, hivi ndo navipenda jamani. Cha tembo na panya wanajenga daraja ni kizuri sana, kuna mahali hakuna hata neno moja, daraja limetanda kurasa mbili, tembo upande huu panya upande ule, na chini kwenye maji kuna kachura ambako hakatajwi popote kwenye maandishi ila kako kila ukurasa. Mtoto ndo alikaona, mimi nilikuwa nasoma tu. Sasa hatuanzi kusoma mpaka kachura kapatikane, na kwenye TV asingekaona maana picha inapita haraka.

Wengine wanasema mtoto ameshaiona stori kwenye TV kwa nini ununue tena, mimi naona hapo ndo penye utamu. Anashika kitabu mwenyewe anakusomea wewe, stori anayo kichwani, kidole kinafuata mistari, na wangu ameanza kulitambua jina la panya kila linapotokea bila kuulizwa.

Urefu nao una maana. Bluey ya Australia kipindi kimoja ni kama dakika 7, Peppa Pig ya Uingereza kama 5, kwa hiyo stori inaenea vizuri kwenye kurasa chache bila kukatwakatwa. Na wanaodhani hivi ni vitabu vya kibiashara tu, kitabu cha Bluey kinachoitwa The Beach kilipata tuzo ya kitabu bora cha mwaka huko Australia 2020, kikawashinda mpaka waandishi wa vitabu vya watu wazima.

Vyenye stika sivishauri, stika zikiisha kitabu kinabaki na mapengo. Vya stepla katikati navyo kurasa zinachomoka mapema, ila vile vya kurasa ngumu kwa watoto wa mwaka mmoja mara nyingi stori wameipunguza mno, ukiwa na mkubwa kidogo chukua jalada gumu lenye kurasa za kawaida.

Kabla hujalipa fungua katikati, ziba maandishi kwa mkono, angalia kama picha peke yake inakueleza kinachoendelea. Isipokueleza rudisha kwenye shelfu. Mfululizo wa tembo na panya naupa nyota tano, kuna viwili bado sijavipata na nikivikuta nachukua vyote.