Revit ndani ya Mji Mkongwe: inapofaa na inapotaka ujanja

Revit ni programu ya kompyuta ya kuchorea majengo, hasa yaliyonyooka, na msanifu anayechora nyumba mpya Fumba au hoteli ya ghorofa mbili Paje ataipenda mapema. Ukuta unauchora mara moja tu; ramani ya sakafu, mkato, sura ya mbele na orodha ya vipimo vyote vinatoka humo humo, na dirisha ukilisogeza kwenye sura ya mbele, kwenye ramani nalo limeshasogea. Anayefanya kazi katika nyumba za Mji Mkongwe ana mtihani mwingine. Mawe ya matumbawe na chokaa hayajui pembe mraba, mlango wa mbele hauko kwenye orodha ya milango ya kiwanda chochote, na mafunzo mengi ya programu hii yameandikwa na watu ambao ukuta wao ni bodi mbili na mbao katikati. Tathmini hii imekusudiwa zaidi kwa huyo wa pili, na hukumu yangu ni kwamba Revit inamfaa, alimradi akubali mapema kuwa modeli haitakuwa picha ya nyumba jiwe kwa jiwe.

Tuanze na kuta. Chukua nyumba moja ya mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, ambayo ukuta wake wa njiani una unene wa sentimita 62 penye baraza na sentimita 54 kwenye ghorofa ya pili, na chumba cha mbele hakina kuta mbili zinazolingana. Kishawishi cha kwanza ni kutengeneza aina mpya ya ukuta kwa kila unene uliopimwa, na kabla ya kufika kwenye paa utakuwa na orodha ndefu ya aina ambazo hakuna mwenzako atakayeweza kuzitofautisha. Ni bora kukadiria kwa sentimita 5 za karibu, ukabaki na aina tatu au nne, kisha kipimo halisi ukakiandika kwenye sehemu ya maelezo ya ukuta husika na kukionyesha kwa lebo. Njia hii inaondoa pia ugomvi mmoja wa zamani, kwa sababu Revit haikubali ufute tarakimu ya kipimo na kuandika nyingine juu yake. Wengi huliona hilo kuwa ukaidi, lakini mimi naona ni katika mambo mazuri ya programu hii. Ramani ngapi zimefika kwa waashi zikiwa na namba zisizolingana na mchoro?

Ukuta ulioinama ulikuwa adha mpaka toleo la 2021, lilipokuja na kuta za mshazari. Toleo la 2022 likaongeza ukuta unaopungua unene kwa kadiri unavyopanda. Mwenye toleo la zamani analazimika kuunda umbo maalumu papo hapo ndani ya mradi, na maumbo hayo yakizidi faili hulemaa. Ikiwa mwinamo ni wa sentimita mbili tatu, uchore ukuta wima na mwinamo uutaje kwa maandishi kwenye mkato. Mhandisi atakayekagua nyufa anataka kipimo cha uhakika, na kipimo hicho atakipata kwenye maandishi kuliko kwenye mstari uliopinda kidogo.

Dari za boriti, kinyume na nilivyotarajia, ni kazi nyepesi. Boriti za mikoko ndizo zilizowafanya wazee wajenge vyumba vyembamba na virefu, kwani upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ambao kwa kawaida ni mita mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo mpangilio wake ni wa mstari mmoja unaojirudia, na programu ina zana ya mfumo wa boriti inayozipanga zote kwa nafasi unayoitaka. Tengeneza familia moja ya boriti ya duara, kwani familia ndilo jina la vifaa vinavyojirudia humo, kisha weka umbali kati ya boriti na boriti. Zile chache zilizooza utazitenga mwishoni, moja moja.

Mlango wa nakshi ndio unaowaponza vijana. Nimeona faili za nyumba ndogo zinazochukua muda kufunguka kwa sababu mtu amechonga kila ua na kila mnyororo wa fremu katika umbo la pande tatu. Familia ya mlango inatakiwa iwe na fremu, bao mbili, nguzo ya kati na kizingiti, basi. Nakshi zichorwe kwa mistari ya bapa inayoonekana kwenye sura ya mbele peke yake, tena pale mchoro unapowekwa kwenye kiwango cha juu cha undani. Makuti nayo yana hukumu hiyo hiyo kwa wanaojenga pwani ya mashariki: paa moja nene lenye alama za kujaza linatosha, na anayetaka kuona kila kuti aende akaangalie banda.

Kinachoifanya Revit istahiki fedha yake katika kazi za uhifadhi ni mfumo wake wa awamu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati wa nyumba zake unapita kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, hivyo mchoro unatakiwa uonyeshe wazi kilichopo, kinachovunjwa na kinachojengwa upya. Kiolezo cha kawaida kinakuja na awamu mbili, ya kilichopo na ya ujenzi mpya. Chora nyumba nzima ukiwa katika awamu ya kwanza kabla hujagusa chochote, kisha hamia ya pili na utumie zana ya nyundo kwa kila kinachoondoka. Ukisahau na kuchora nyumba ya zamani katika awamu ya pili, huhitaji kuanza upya: teua vitu vyote na ubadilishe awamu yake kwenye dirisha la sifa.

Faili ya mpima ina balaa lake. Vipimo vyake viko katika UTM, yaani mfumo wa koodineti za ramani unaohesabiwa kwa mita, kanda ya 37 kusini, na kwa mjini namba ya kaskazini inapita mita milioni 9.3. Revit inataka jengo likae ndani ya kilomita 16 hivi kutoka kwenye chanzo chake cha ndani, yaani nukta ya sifuri ya programu yenyewe. Ukipitisha hapo mistari inaanza kuchezacheza na vivuli kuharibika. Dawa yake ni kuiunganisha faili ya mpima kama kiungo, usiiingize moja kwa moja, uiweke kitovu kwa kitovu, kisha uitake programu ichukue koodineti kutoka kwenye kiungo hicho. Jengo litabaki karibu na chanzo, na namba za mpima zitasomeka sawasawa. Hapo hapo rekebisha mahali na kaskazini halisi, maana kiolezo cha Kimarekani kinaweza kukuanzishia Boston, na kwetu jua la Juni liko upande wa kaskazini wakati la Disemba liko kusini. Mwenye kuchora msikiti atafaidika zaidi, kwa kuwa kibla cha Zanzibar ni karibu kaskazini kamili na kosa la digrii chache linaonekana kwenye safu.

Umeme ukikatika, Revit haina huruma. Haijihifadhi yenyewe kama wengi wanavyodhani. Inakukumbusha tu, na kawaida yake ni kila baada ya nusu saa. Punguza iwe robo saa, na kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba. Kazi ya pamoja nayo ina masharti: faili kuu ikae kwenye seva ya afisi, na isiwekwe kwenye folda inayojisawazisha na mtandao, kwani nakala mbili zikigongana hakuna wa kuzipatanisha. Kama mhandisi wa nguzo yuko Dar es Salaam au Chake Chake, kila mmoja awe na faili yake na aiunganishe ya mwenzake kama kiungo. Kabla ya yote kubalianeni toleo. Faili ikishafunguliwa na kuhifadhiwa katika toleo jipya hairudi nyuma, na ukiitoa kwa IFC, muundo wa faili unaosomwa na programu mbalimbali za majengo, inabaki maumbo yanayotazamika lakini yasiyoharirika vizuri.

Kuhusu kununua, Autodesk huiuza kwa usajili wa muda, na inatumika kwenye Windows tu. Msanifu anayefanya kazi peke yake aitazame kwanza Revit LT, ambayo ni nafuu na inafungua faili za ndugu yake mkubwa za toleo lile lile, ingawa haina kazi ya pamoja wala haipokei programu za nyongeza. Mwanafunzi anaweza kupata leseni ya masomo bila malipo, kwa sharti kwamba asiitumie kwa kazi ya kulipwa. Na afisi ambayo kazi yake yote ni kupima nyumba, kuchora ramani mbili na kuomba kibali isijisumbue na usajili huu. Itafika kwa programu ya michoro ya bapa, tena mapema zaidi.