Miaka mitatu na kirikuu yangu: magunia matatu, basi

Ninapoandika haya nimekaa juu ya injini. Si fumbo. Injini ya Suzuki Carry, hii tuiitayo kirikuu, iko chini ya kiti. Ukitaka kuikagua unashuka, unakiinua kiti kama mfuniko wa sufuria, na hapo unakutana nayo: silinda 3, cc 658, udogo wa kukutia huruma. Siku za mwanzo wenzangu pale soko la Mawenzi wakiniona nimeinua kiti walidhani natafuta chenji iliyodondoka.

Nafanya biashara ya mbogamboga: kabichi, karoti, viazi na njegere, nanunua Mgeta, nauza Morogoro mjini. Kwa miaka mingi nilikodi magari ya watu, na ukikodi, dereva ndiye anayeamua saa ya kuondoka. Njegere hazimsubiri dereva. Mwaka 2022 nikaipata hii Dar kwa mtu aliyekuwa anaacha biashara ya saruji (neno "saruji" lilipaswa kunishtua, nitalifikia). Ni toleo la DA63T, gia za mkono, tairi za kusukuma ni za nyuma tu. Tulivutana mpaka milioni 8 na nusu. Mume wangu aliizunguka mara moja, akasema, "Mama, hii ukipishana na basi la Mbeya itapeperuka." Sasa hivi yeye ndiye anayeiazima kwenda msibani.

Kwenye fremu ya mlango palikuwa na kistika cha Kijapani cha kubadilisha oili, kimeandikwa mwaka 20. Nilikuwa na hakika kwamba ni kosa la mtu. Mdogo wangu anayesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa Morogoro, akakipiga picha na simu, akanieleza kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao, na huo wa 20 ni 2008 yetu. Tangu siku hiyo nikawa na hamu ya kujua kigari hiki kilizaliwaje.

Japani wana daraja zima la magari haya, wanaliita kei. Yalianza kuwekewa vipimo mwaka 1949, na Suzuki wakatoa Carry ya kwanza 1961. Kanuni za sasa zinasema urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, injini cc 660, na ukikubali kubanwa hivyo unapunguziwa kodi. Ya watu binafsi hufungwa namba za njano ili yajulikane kuwa ni madogo. Nyeupe ni za magari makubwa ya nyumbani. Yangu, kwa kuwa ni ya biashara, huku imevaa nyeupe. Mjapani akiiona atadhani imepandishwa cheo.

Lakini namba ninayotaka mwenye kirikuu yeyote aikariri ni nyingine: kilo 350. Huo ndio mzigo kei ya mizigo inaoruhusiwa kwao. Hapa kwetu watu wanaipakia kama Fuso. Mwenye gari aliyetangulia aliipandisha saruji mpaka springi za nyuma zikalala bapa, nami ndiye niliyezilipia, mwezi wa kwanza tu. Kwa hiyo nina sheria yangu: magunia matatu ya viazi na kreti mbili za karoti, basi. Na hayo magunia yawe ya kawaida. Lumbesa moja, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, nililipima siku moja kwenye mizani, nikamwambia mwenye shamba alishushe, tukanuniana hadi msimu uliofuata. Wapakiaji wananicheka, "Mama, ongeza hata mbili, hii ni chuma ya Mjapani!" Wao hawalipi springi.

Tatizo la tairi za kusukuma kuwa nyuma nililijua masika ya kwanza. Nimeacha lami Sangasanga alfajiri, napanda kwenda Mgeta, gari tupu, mvua imenyesha usiku kucha. Kwenye kona moja yenye utelezi ikakataa. Nyuma hakuna uzito, tairi zinazunguka kama feni, tope linaruka hadi kwenye kioo. Nikashuka, nikakata majani, nikatandika. Wapi. Wakaja kina mama wanne na mizigo yao kichwani wakielekea mnadani. Badala ya kuwaomba wasukume, nikawaomba wapande nyuma wakae juu ya tairi. Wakatazamana: gari imeshindwa kujibeba, itatubeba sisi? Mmoja mzee akasema, "Huyu mtoto amechanganyikiwa," lakini akapanda. Niliachia klachi taratibu, gia namba moja, ikanguruma kidogo, ikashika, ikatoka pale kama haikuwa yenyewe. Najua sheria inakataza watu kubebwa nyuma ya gari la mizigo. Ni mita thelathini tu, na trafiki hapandi huko. Siku hizi masika nikipanda mtupu nabeba viroba viwili vya mchanga.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumwachia fundi mmoja, ambaye simtaji, gari bila kusimama pembeni yake. Alitoa thamostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, akasema nchi ya joto haihitaji kitu hicho, kisha akajaza maji ya bomba kwenye rejeta. Hakutoa hewa iliyobaki kwenye mipira, na kwenye kirikuu mipira hiyo ni mirefu kwa sababu rejeta iko mbele na injini iko chini yako. Wiki mbili baadaye, katikati ya mlima, nikahisi kiti kinaniunguza kuliko kawaida. Mshale ulikuwa umeshafika juu. Gasketi ya silinda hedi ilikwenda, hedi yenyewe ikapelekwa mashineni kusawazishwa, na mimi nikarudi kukodi gari siku kumi. Tangu hapo naweka kulanti halisi, thamostati imerudi mahali pake, na fundi akifungua kitu nipo, na kiti changu cha plastiki.

Hilo la joto ni kasoro ya kweli, hata gari ikiwa nzima. Saa nane mchana foleni ya Msamvu, mgongo unalowa na mapaja yanaiva. Nimetandika godoro jembamba na kitenge juu yake, inasaidia kiasi.

Redio nayo ilinitesa. FM ya Kijapani ya zamani inaishia 90, kwa hiyo stesheni zote za juu ya hapo hazipo kwenye dunia yake. Nilinunua kale kadude ka kuongeza masafa, fundi redio akakafunga, sasa napata zote ila namba inayoonekana siyo ya stesheni. Nimeshazikariri kama namba za nyumba za mtaani.

Spea hazisumbui, zipo nyingi Gerezani, Dar, na bei zake hazitishi. Angalizo: ukiona Mazda Scrum usiipite, ni Carry hiyohiyo yenye nembo nyingine. Tairi ni namba 12, chagua zile za mizigo zenye pilai 6, yaani ngumu za kubeba uzito. Za gari ndogo ni rahisi, zinakaa vizuri mpaka siku ya viazi.

Mafuta? Mjini na barabara ya lami gari ikiwa tupu napata kilomita 15 kwa lita. Nikishuka Mgeta na mzigo, nikijumlisha na kupanda, inakuwa 12. Nimeandika kwenye daftari mwaka mzima, si kukisia.

Barabara kuu siipendi, nakiri. Miguu yako iko mbele karibu sawa na bampa, na basi likikupita unaishika usukani kwa mikono miwili huku ukimtaja Mungu. Natembea 70, nakaa kushoto, nawaachia wenye haraka zao. Ila mwaka jana nilikwenda Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, na tulipoingia hifadhi ya Mikumi, penye kikomo cha mwendo na matuta, wote tukawa sawa. Basi kubwa lilikuwa nyuma yangu kimya kabisa. Tembo watatu walikuwa pembeni ya lami, na kwa kuwa bonde lote liko mbele ya kioo, hakuna boneti ya kukuziba, niliwaona kama nimekaa kwenye kigoda uwanjani kwangu. Nikapunguza zaidi. Dereva wa basi akapiga honi mara moja, fupi, ya adabu.

Raha yake iko hapo, na iko vichochoroni. Nyuma ya soko kuna uchochoro ambao Canter inaishia mdomoni na kuita vijana wa mikokoteni. Mimi naingia kinyumenyume mpaka mlangoni pa mteja, kioo cha kushoto kikibakiza vidole vinne ukutani, nashusha kabichi, natoka. Kushusha ubavu wa bodi ni vibana viwili tu, na jukwaa lenyewe liko chini ya kiuno changu, kwa hiyo gunia nalivuta peke yangu bila kumlipa kuli.

Jumapili siifanyii kazi. Naiosha, natoa mchanga wa Mgeta kwenye pembe za bodi, na jioni naizungusha Kilakala hadi Bigwa bila shughuli yoyote. Wanangu wawili wanagombania kiti kimoja kilichobaki. Gia namba nne, vioo chini, ile sauti ya silinda tatu kama cherehani, milima ya Uluguru imevaa mawingu.

Nikipata hela ya nyingine nitatafuta ya tairi zote nne, na nitalala chini nizitazame springi kabla sijataja bei. Hii haiuzwi. Mume wangu ameshaniuliza mara mbili.